Rangi ya Pili: Sanamu Kigeugeu na Mtoto wa Mti

Kitu kimoja kikivuliwa rangi yake ya kwanza na kuvikwa nyingine, je, hubaki kile kile, au huwa kingine? Mtu aweza kulidhania swali hili kuwa la watoto, kwa sababu katika zama zetu huulizwa zaidi juu ya vitu vyao vya mchezo, na hasa juu ya zile sanamu za plastiki na chuma ambazo zikikunjwa hivi ni gari, na zikikunjwa vile ni mtu wa mtambo mwenye kiwiliwili, mikono na miguu. Walakini swali lenyewe ni la kale. Liliulizwa na kujibiwa katika Milima ya Uluguru kabla plastiki haijajulikana duniani, na majibu yake yalitolewa kwa mti, mafuta, unga na nguo. Kusudi la insha hii ni kuyaweka majibu mawili katika mizani moja, la kiwanda na la mlima, kisha kuamua ni lipi litufaalo tunapotaka kuihukumu rangi mpya ya kitu cha zamani.

Nimechagua Mlali kuwa mahali pa kuisimamisha mizani hiyo. Mlali iko chini ya ubavu wa magharibi wa Uluguru, katika Wilaya ya Mvomero, ambapo njia itokayo barabara kuu ya Morogoro na Iringa huuacha upande wa Mzumbe na kuelekea Mgeta milimani. Ni mahali pa kukutania. Mboga na matunda ya mlima hushuka kwa njia hiyo. Nguo, chumvi, sabuni, vyombo vya plastiki na vitu vya mchezo hupanda kwa njia hiyo hiyo. Reli itokayo Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, na tangu siku hizo bidhaa za pwani, ambazo zamani zilibebwa vichwani na wapagazi, zimekuwa zikifika chini ya milima hii kwa wepesi zaidi kila kizazi. Basi katika nyumba moja ya mahali kama hapa yawezekana kuwapo bibi aliyelelewa katika adabu za mwali, na mjukuu mwenye roboti ya plastiki iliyotoka katika robota la mitumba. Wote wawili wanajua jambo moja juu ya rangi, ijapokuwa hawajawahi kulizungumza pamoja.

Tuanze na kitu cha mjukuu. Mwaka 1980 kampuni ya Takara ya Japani ilianza kuuza jamii ya vitu vya mchezo iliyoitwa Diaclone. Ndani yake mlikuwamo mitambo mikubwa iliyoendeshwa na vijitu vidogo vyenye sumaku nyayoni, na baada ya muda mfupi yakaongezwa magari ya kawaida, mfano wa yale yaonekanayo barabarani, yaliyoweza kukunjuliwa yakawa watu wa chuma. Magari hayo hayakuwa na nafsi. Mwenye nafsi alikuwa dereva. Mtambo ulikuwa chombo chake tu. Kwa hiyo gari moja liliweza kuuzwa katika rangi hii na rangi ile, na hakuna aliyeuliza kama lile la pili lilikuwa ndugu wa la kwanza, kama vile mtu asivyouliza nasaba ya baiskeli mbili zilizotoka duka moja.

Mwaka 1984 kampuni ya Hasbro ya Marekani iliyachukua maumbo hayo, pamoja na mengine ya Takara, ikayaingiza katika jamii moja iliyoitwa Transformers. Hapo madereva waliondolewa, na mitambo yenyewe ikapewa uhai. Sehemu kubwa ya kazi ya kuipa majina na tabia ilifanywa na Bob Budiansky, mhariri wa kampuni ya Marvel. Badiliko hili lilizaa matokeo ambayo pengine wafanya biashara hawakuyafikiri sana. Madhali kila rangi sasa ilikuwa na jina lake, rangi ilikoma kuwa pambo ikawa nasaba. Ndege moja ya vita ya namna ya F-15 ilitoa watu watatu mwaka ule ule: Starscream wa kijivu, chekundu na samawati, Thundercracker wa samawati, na Skywarp wa nyeusi na zambarau. Umbo ni moja, bawa ni moja, hata kijigurudumu cha kutulia chini ni kimoja. Lakini mmoja alielezwa kuwa mwenye tamaa ya kumpindua mkubwa wake, wa pili mwenye mashaka juu ya vita anavyovipigana, na wa tatu mpenda hila. Kilichowatenga machoni pa mtoto ni rangi peke yake.

Sababu ya mwanzo ya desturi hii haina siri. Plastiki huyeyushwa na kusukumwa katika kalibu ya chuma, na kalibu hiyo ni kazi ngumu ya mafundi na gharama nyingi. Kuitengeneza mara moja ni hasara mpaka imetoa maelfu ya vitu. Kuibadili rangi ya plastiki iingiayo ndani yake ni kazi rahisi. Mwenye kiwanda, basi, akiisha kuilipia kalibu, hutaka izae mara nyingi iwezekanavyo. Ndipo wako watu wazima, wakusanyaji wa vitu hivi, wasemao kwa dharau ya kwamba sanamu iliyopakwa upya ni ujanja wa muuzaji tu: kitu kimoja kimeuzwa mara mbili. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na rangi mpya kwao ni kutembeza. Hoja yao ina nguvu, nasi tutairudia. Lakini kwanza tuiache Japani na Marekani tupande mlima, kwa maana huko nako kulikuwa na sanamu iliyotumika tena na tena, na hakuna aliyeiita ujanja.

Waluguru, pamoja na jirani zao Wazaramo, Wakwere, Wakaguru na Wadoe, ni watu wahesabuo ukoo upande wa mama. Kwa Waluguru ukoo huitwa lukolo, na kwa njia ya lukolo ardhi ya milimani ilishikwa na kugawanywa, kama walivyoeleza Roland Young na Henry Fosbrooke katika kitabu chao cha mwaka 1960. Katika nchi yenye kanuni hiyo, msichana aingiapo katika utu uzima habari yake haiishii katika nyumba ya mama yake. Ukoo mzima umepata mlango mpya wa kuendelea. Ndiyo sababu msichana huyo, akiisha kuitwa mwali, alitengwa ndani ya nyumba, akafundishwa na wanawake wazima, na katika sehemu nyingi za nchi hizi alipewa mwenzi wa mti ambaye Wazaramo humwita mwana hiti, yaani mtoto wa mti.

Umbo la mwana hiti linajulikana vizuri, kwa sababu vinyago vyake vimekusanywa tangu siku za Wajerumani na vimo katika majumba ya makumbusho ya nchi nyingi. Ni kipande cha mti cha kushikika mkononi. Kiwiliwili ni mche wa duara usio na mikono wala miguu. Matiti na kitovu hutokeza kidogo. Uso umedokezwa tu, na pengine hauna macho wala mdomo wa kutajika. Lakini kichwani pana shungi la nywele lililochongwa kwa uangalifu, aghalabu limegawanyika mafungu mawili. Mwali alimlea mtoto huyo kama alivyotazamiwa kuwalea wanawe: alimwosha, alimpaka mafuta, alimtunza nywele, pengine alimvika shanga. Mara nyingi kinyago hakikuwa mali ya msichana mmoja, bali kilihifadhiwa na wakubwa na kutolewa tena alipopatikana mwali mwingine. Tena umbo lake halikukaa kwa mwali tu. Lilichongwa katika viti, katika bakora, katika vizibo vya vibuyu vya dawa, katika ala za muziki na katika nguzo za makaburi. Kwa lugha ya kiwanda tungesema kalibu ilikuwa moja, na kazi zilikuwa nyingi.

Msomaji atakuwa ameona mfanano mmoja. Mwana hiti hana mikono, wala uso wake haukukamilika. Katika sanamu za mwaka 1984 wamo wawili waliotoka katika kalibu ya gari dogo la Nissan Vanette, nao wana upungufu wa namna hiyo hiyo: hawana kichwa cha kweli. Mahali pa kichwa pana kiti, na juu ya kiti imebandikwa karatasi ya kunata yenye picha ya uso. Mmoja ni mwekundu, anaitwa Ironhide, naye ni askari mkongwe. Wa pili ni mweupe mwenye alama nyekundu za gari la wagonjwa, anaitwa Ratchet, naye ni tabibu. Katika sanamu ya mti na katika sanamu ya plastiki, fundi ameacha pengo katika umbo, na kitu kingine kimeitwa kulijaza. Katika mwana hiti kilichoitwa ni mikono ya mwali na mafuta yake. Katika Vanette kilichoitwa ni rangi.

Waswahili wana methali isemayo: Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mkakasi ni kile kikasha cha mti kilichopambwa kwa rangi nje, na methali huwaonya watu wasidanganywe na nakshi za juu. Ni onyo jema sokoni. Lakini mwana hiti huligeuza onyo hilo. Yeye ni kipande cha mti nje na ndani, wala hajifichi, na thamani yake yote imo katika kile anachotendewa juu ya ngozi yake ya mti. Hapa, basi, tumepata hatua ya kwanza ya kuhukumu: rangi yaweza kuwa kifuniko cha kuficha utupu wa ndani, na yaweza kuwa kazi ifanywayo kwa kitu ili kiingie katika hali mpya. Macho peke yake hayatoshi kuzitenga hali hizi mbili. Lazima tujue rangi zenyewe husema nini.

Katika Kiswahili, na katika lugha nyingi za Kibantu zilizo jirani nacho, rangi zenye sifa ya asili, zikubalizo kufuata ngeli ya jina, ni tatu: -eupe, -eusi na -ekundu. Tunasema kitambaa cheupe, mawingu meusi, udongo mwekundu. Nyingine zote zimeazimwa kutoka kwa vitu: kijani kwa jani, manjano kwa bizari, kahawia kwa kahawa, kijivu kwa jivu, zambarau kwa tunda lake, samawati kwa mbingu za Kiarabu. Wataalamu wa Marekani Brent Berlin na Paul Kay walitangaza mwaka 1969 ya kwamba lugha iliyo na majina matatu tu ya rangi huwa na haya haya matatu. Na ingawa wametokea wakosoaji wa maelezo yao, jambo hili moja limesimama kwa kiasi kikubwa. Kabla yao, mwaka 1966, Victor Turner alikuwa amekwisha kueleza jinsi Wandembu wa Zambia walivyozifanya rangi hizo tatu kuwa ufunguo wa ibada zao. T. O. Beidelman kwa Wakaguru, na Marja-Liisa Swantz kwa Wazaramo, waliona utatu uo huo katika nchi zinazoizunguka Uluguru.

Maana zake si za kukariri kama hesabu, kwa sababu kila rangi ina pande mbili. Nyeupe ni unga wa tambiko, ni maziwa, ni ubaridi, ni afya na amani na wazee waliotangulia. Kwa Waislamu wa pwani na bara ni sanda pia. Nyekundu ni damu, nayo damu ni uzazi na ni jeraha. Ni joto, ni nguvu, ni hatari isiyopaswa kuachwa bila kupozwa. Nyeusi ni usiku na mambo yafanywayo usiku; lakini vile vile ni wingu la mvua, na katika nchi nyingi za Afrika Mashariki mnyama atolewaye kuombea mvua huchaguliwa mweusi. Mlimani, ambapo mwaka mzima wa mkulima hutegemea wingu, mtu hawezi kuitukana nyeusi kwa jumla na akaendelea kungoja mavuno.

Historia ya biashara nayo iliingia katika utatu huu kwa namna ya ajabu. Katika karne ya 19 nguo zilizobebwa na misafara kutoka pwani kwenda bara zilikuwa za aina nyingi, lakini majina matatu yalitajwa kila mahali. Ya kwanza ni merikani, nguo ya pamba isiyotiwa rangi, iliyopata jina lake kwa sababu wafanya biashara wa Salem, Massachusetts, waliileta Unguja kwa wingi, hasa baada ya mapatano ya mwaka 1833 kati ya Marekani na Seyyid Said. Ya pili ni kaniki, nguo ya India iliyotiwa nili mpaka ikakaribia weusi. Ya tatu ni bendera, nguo nyekundu. Vita vya wao kwa wao vya Marekani, vya mwaka 1861 hata 1865, viliipunguza merikani ya asili, na viwanda vya Uingereza na India vikajaza pengo, jina likabaki. Nguo hizi zililipia hongo, pembe na vyakula njiani. Lakini zilipofika katika nyumba za bara hazikukuta watu wasio na maoni. Zilikuta nyeupe, nyeusi na nyekundu zimekwisha kupewa kazi, nazo zikachukua nafasi za unga, masizi na udongo mwekundu. Kiwanda cha ng'ambo hakikuleta maana. Kilileta kitambaa, na maana ikakivaa.

Ushahidi wa ndoa hiyo kati ya ibada na biashara ungaliko. Kanga iitwayo kisutu, ihesabiwayo miongoni mwa kanga za kale kabisa, ni ya nyeupe, nyeusi na nyekundu, na pwani imekuwa nguo ya bibi arusi na ya nyakati za kuvuka kutoka hali moja kwenda nyingine. Wachapaji wa kanga wamewahi kuwa Uholanzi, India, Japani, Tanzania na Kenya. Rangi za kisutu hazikusafiri nao zikapotea. Nani asemaye ya kuwa kitu kilichotoka kiwandani hakiwezi kuwa na adabu?

Sasa twaweza kumtazama mwali mwenyewe, kwa maana yeye ndiye mfano mkuu wa kiumbe kilichobadilika na kupewa rangi mpya. J. L. Brain, katika makala yake ya mwaka 1978, alizieleza ada za mwali wa Kiluguru kuwa ni kuzaliwa mara ya pili kwa mfano. Mwali alikaa ndani, mbali na jua na macho ya watu, kwa miezi, na zamani hata zaidi. Mwili ulinawiri kwa kupumzika na kula; ngozi ilipungua weusi wa jua. Alipotolewa, alipakwa mafuta, akavikwa nguo mpya na shanga, akaonyeshwa kwa watu waliomjua tangu utoto kama kwamba ni mgeni aliyefika. Ni yule yule, na si yule yule. Tuangalie mpango wa mambo hapa: mafundisho yalitangulia, rangi ikafuata. Mafuta na nguo havikumfanya kuwa mwanamke. Vilitoa ushahidi mbele ya kijiji ya kwamba amekwisha kufanywa. Rangi ilikuwa shahidi, na shahidi hasemi kabla ya tendo.

Kutokana na hayo naona twaweza kutunga kanuni tatu za kuihukumu rangi ya pili ya kitu cho chote. Ya kwanza: je, rangi inashuhudia badiliko la kweli, la kazi au la hali, au inasema tu kwamba kitu kinauzwa tena? Ya pili: je, rangi zilizokaa pamoja zinasemezana, hata moja ikaipoza au kuitia nguvu nyingine, au zimewekwa kama watu wasiojuana katika gari la abiria? Ya tatu: je, rangi hiyo inakubali kutunzwa, kwa maana ya kwamba mwenye kitu aweza kuirudia, kuifanya upya na kumwachia mwingine?

Tuirudie sasa jozi ya Vanette. Kwa kanuni ya kwanza, naona rangi ya pili imeshinda. Umbo ni moja, lakini mwekundu ni askari na mweupe ni tabibu. Mtoto wa Mlali asiyesoma neno moja la Kiingereza atajua ni nani ajeruhiye na ni nani aponyaye. Hakufundishwa na Hasbro. Alifundishwa na damu na unga. Kwa kanuni ya pili pia imeshinda, kwa sababu weupe wa Ratchet haukuachwa peke yake: umetiwa alama za nyekundu, ukumbusho wa damu ambayo tabibu huitwa kuizuia, na weupe unaipoza. Aliyepanga rangi hizo aliufuata mfano wa magari ya wagonjwa, na magari hayo yalifuata alama ya Msalaba Mwekundu iliyokubaliwa Geneva mwaka 1864. Lakini mpango wenyewe, nyekundu kidogo ndani ya nyeupe nyingi, mlima ungeuelewa bila mkalimani.

Ndege tatu hazikufaulu sana. Samawati ya Thundercracker haitufundishi mashaka yake, wala zambarau ya Skywarp haitufundishi hila. Jina likifutwa, rangi hubaki bubu. Hapa wakusanyaji wenye dharau wana haki: rangi imefanya kazi ya namba ya gari, ya kutenga hiki na kile, wala haikutoa ushahidi. Hata hivyo namba nayo ina faida yake kwa mtoto mwenye ndege tatu na vita vya kupigana kabla ya jua kuchwa.

Pagumu zaidi ni pale ambapo rangi imetoa ushahidi, lakini ushahidi wa uongo. Optimus Prime, mkuu wa upande wa wema, ni wa nyekundu na samawati. Tangu miaka ya mwanzo ya karne hii ya 21 sanamu yake imetolewa mara nyingi katika nyeusi na kuitwa Nemesis Prime, naye ni pacha mwovu. Fundi hakubadili umbo, hakutunga alama mpya ya uovu. Alimpaka weusi akaona yatosha. Hiyo ni lugha ya watu wengine, ambao kwao historia ndefu ya vitabu, michezo na utumwa imeifunga nyeusi na ubaya hata fungo likaonekana kuwa la maumbile. Mtu wa Uluguru anayo haki ya kukataa. Yeye pia aujua usiku na wachawi wake, wala hahitaji kuambiwa ya kwamba nyeusi ni njema siku zote; lakini ajua vile vile ya kwamba wingu jeupe halijazi mfereji wa maji. Rangi yenye pande mbili ikisemeshwa upande mmoja tu, imedhulumiwa. Na mtoto mweusi aichezeaye sanamu hiyo amepewa funzo ambalo hakuna mwalimu angethubutu kuliandika ubaoni. Nahukumu ya kuwa rangi hiyo, ijapokuwa inapendeza kwa macho na kung'aa, ni dhaifu kuliko zote nilizozitaja.

Imebaki hoja ya wakusanyaji ya kwamba rangi ya kwanza ndiyo kweli, na kila ifuatayo ni upungufu. Historia haiwaungi mkono. Hicho wakiitacho cha kwanza, cha mwaka 1984, kilikuwa kimekwisha kuuzwa Japani kwa jina jingine, na mara nyingine kwa rangi nyingine. Wenzao wakusanyao vinyago huanguka katika kosa hilo kwa njia ya pili. Wao huithamini ile ngozi ya kale ya mwana hiti, nyeusi, laini, yenye kung'aa, nao husema isiguswe. Lakini ngozi hiyo ilitokana na nini? Ilitokana na kuguswa: mafuta juu ya mafuta, mikono baada ya mikono, mwali baada ya mwali. Ndani ya sanduku la kioo kinyago kimehifadhiwa kisioze, na hilo ni jema. Walakini kimehifadhiwa pia na kile kilichokitia rangi. Tangu kilipotoka mlimani hakuna aliyekipaka mafuta. Kanuni ya tatu, ya kutunzwa na kufanywa upya, ndiyo iliyokipa uzuri ambao sasa twalipia kuutazama, nayo ndiyo iliyokatazwa. Katika jambo hili mtoto anayeichukua sanamu yake ya plastiki iliyochubuka na kuipaka tena kwa rangi ya kucha ya dada yake yu karibu zaidi na adabu ya mwana hiti kuliko mtaalamu mwenye glovu nyeupe.

Kama mambo yangeishia katika vitu vya mchezo, pengine tusingehitaji mizani. Lakini ada zenyewe nazo hupakwa rangi upya. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 20 iliingia mijini, kisha ikaenea hata vijijini, sherehe iitwayo kicheni pati, ambamo wanawake humkusanyikia bibi arusi mtarajiwa, humpa vyombo vya jikoni, na kumfunda. Kalibu yake ni ya kale: wanawake wazima, msichana mmoja, siri, wimbo, mafundisho ya kuvuka. Rangi ni mpya, tena kwa maana halisi kabisa, kwa kuwa kamati huchagua rangi ya sherehe, na wageni wote hushona sare, na viti na mapazia na keki hufuata. Leo huwa zambarau na fedha, kesho manjano na kijivu.

Je, tuihukumuje rangi hiyo? Pasiwe na haraka ya kuomboleza. Mwali wa zamani aliyefungiwa ndani muda mrefu asingeweza kwenda shule, na mara nyingi mlango uliomtoa ndani ulimpeleka moja kwa moja kwa mume. Msichana wa leo wa Mlali apitaye asubuhi na madaftari yake amepata kitu ambacho hakuna mzee mwenye hekima angetaka kumnyang'anya. Badiliko la kazi limekuwapo, na rangi mpya ina haki ya kulishuhudia. Lakini kanuni ya kwanza yatuuliza kama mafundisho yametangulia rangi, au rangi imekuja peke yake na deni la sare. Mahali ambapo mwanamke mzima amekaa na msichana akamwambia kweli juu ya mwili wake, afya yake, mali yake na haki yake, hapo sare ya zambarau ni shahidi mwaminifu kama kisutu. Mahali ambapo saa zote zimeliwa na picha na kuhesabu zawadi, hapo tumerudi katika mkakasi, na ndani ni kipande cha mti, tena mti usio na mtoto.

Hukumu yangu, basi, ni hii. Umbo moja kupewa rangi ya pili si udanganyifu, wala si umaskini wa fikira. Uluguru ilifanya hivyo kwa mti na kwa watu, na ukoo ukaendelea. Udanganyifu ni rangi kutoa ushahidi wa jambo lisilotendeka, au kuisingizia rangi nyingine ubaya usio wake. Mwenye kuipima sanamu kigeugeu ya mtoto kwa kanuni hizi amejifunza kupima mambo makubwa zaidi: bendera, sare, majengo yaliyopakwa chokaa mpya, na vyama vilivyobadili jina. Kila moja ya hayo laweza kuulizwa swali lile lile ambalo mwali aliulizwa kimya na macho ya kijiji chote siku alipotolewa nje: rangi tumeiona, na yaliyotangulia yako wapi?